Shamba la Aliyekimbia ni la Nani?

Katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi Mocímboa da Praia, ni mashamba machache sana yenye mpaka uliochorwa kwenye karatasi. Mwembe aliopanda babu, safu ya minazi, kichuguu, njia iendayo kisimani, hizo ndizo alama zake. Jirani anazijua, na mzee wa kijiji anazijua, na kwa miaka mingi ujuzi huo ulitosha.

Kisha vikaja vita. Tarehe 5 Oktoba, 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Mwezi Agosti 2020 mji huo ukatekwa, ukakaa mikononi mwao kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi, 2021. Watu wakakimbia kwa miguu, kwa magari na kwa majahazi. Kufikia mwaka 2022 waliohama makwao katika mkoa mzima walikadiriwa kukaribia milioni moja. Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vilipotea au kuungua pamoja na nyumba. Na lililo baya zaidi kwa mwenye shamba, majirani ambao ndio waliokuwa daftari lake walitawanyika, huyu Pemba, yule Montepuez, mwingine kaburini.

Sasa wengi wamerejea, na swali linalowapokea ni la kisheria. Mtu akikuta shamba lake linalimwa na mwingine, au chumba chake kinakaliwa na familia asiyoijua, haki ni ya nani?

Jibu linaanzia kwenye uhuru wa mwaka 1975, ardhi yote ilipofanywa mali ya dola. Mpaka leo katiba ya Msumbiji inakataza ardhi kuuzwa au kuwekwa rehani. Mwananchi anachopata ni haki ya kuitumia na kunufaika nayo, ambayo huko wanaiita kwa kifupi duat. Sheria ya Ardhi Na. 19 ya mwaka 1997 ilitamka kwamba haki hiyo hupatikana kwa njia tatu: kwa mila na desturi zisizopingana na katiba; kwa raia kuitumia ardhi kwa nia njema muda usiopungua miaka kumi; na kwa kuomba serikalini. Kwa wale wa njia mbili za kwanza, kukosa hati hakuwaondolei haki. Zaidi ya hayo, ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume kwa wanawake, ulikubaliwa kuwa uthibitisho. Sheria chache barani Afrika zimemjali mkulima asiye na karatasi kiasi hicho, na waliotunga sheria hiyo wanastahili sifa.

Lakini sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya kijiji kilichohama chote kwa usiku mmoja. Hapo ndipo mjadala ulipo. Miaka ya ukimbizini ihesabiweje? Yeyote ajuaye kwamba mwenye shamba alikimbia risasi hawezi kudai kwa urahisi kwamba ameingia kwa nia njema. Na je, yeye mwenyewe akiwa mkimbizi aliyeonyeshwa mahali pale na mkubwa fulani? Huko kusini, wilayani Metuge na Ancuabe, jambo hilo lina sura nyingine: waliopewa viwanja mwaka 2020 watatimiza miaka kumi mwaka 2030, na wenyeji waliowakaribisha wanaijua hesabu hiyo.

Mashaka ni makubwa zaidi kwa mjane. Kwa Kanuni ya Kiraia iliyorithiwa kwa Wareno, mjane aliwekwa nyuma ya watoto, wazazi na hata ndugu wa marehemu katika safu ya warithi. Tena, mwanamke aliyeolewa kwa sheikh au kwa mila, kama walivyo wengi pwani, hakutambuliwa na dola kuwa mke. Sheria ya Familia Na. 10 ya mwaka 2004 ndiyo iliyozitambua ndoa za dini na za mila, na mwaka 2019 Bunge likapitisha sheria mpya mbili, moja ya familia na nyingine ya mirathi. Sheria ya Ardhi nayo ilikwisha kusema kwamba haki ya ardhi hurithiwa bila kubagua mume na mke. Hata hivyo, mume aliyepotea vitani bila maiti kuonekana hana cheti cha kifo, na bila cheti hicho mjane hupata taabu kubwa kufungua mirathi.

Haifai kuyazungumza haya bila kuitaja rasi ya Afungi. Kabla ya mji wa Palma kuvamiwa, watu wa Quitupo na Milamba walikwisha kuanza kuhamishwa kupisha mitambo ya gesi, katika eneo la hekta 7,000 hivi lililotolewa mwaka 2012. Mwaka huo huo serikali ilitoa kanuni za kuwahamisha watu, Amri Na. 31. Walijengewa nyumba za matofali huko Quitunda, nyumba nzuri kwa macho. Ila mvuvi akawekwa mbali na maji, na mama aliyezoea kushuka pwani maji yakitoka kutafuta pweza na chaza akawa na safari ndefu. Mnazi huhesabika ukalipwa. Kutoka mlangoni mpaka baharini kwa miguu, hilo lina bei gani?

Mwezi Julai 2020 Rais Filipe Nyusi alizindua majadiliano ya kuirekebisha sera ya ardhi. Wako waliotaka kila mtu apewe hati, wakisema hati huzima ugomvi. Wengine walionya kwamba hati ikianza kudaiwa, asiye nayo atahesabiwa kuwa hana haki, na wasio nayo ndio wengi. Hoja ya pili ina uzito katika nchi ambayo karatasi zake zimeungua.

Wakati wakubwa wanajadiliana, ugomvi wa mipaka hufika kwanza kwa mzee wa kijiji, kwa mahakama za jamii zilizowekwa na Sheria Na. 4 ya mwaka 1992, au kwa askari polisi wa zamu. Askari huyo hana mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Anachoweza ni kuzuia mlango usivunjwe, kuandika maelezo ya pande zote mbili, na kuwaelekeza kwa IPAJ, taasisi ya serikali inayowasaidia kisheria wasio na uwezo. Kwa mama aliyerudi na watoto watatu bila cheti hata kimoja, maelezo hayo huenda yakawa maandishi ya kwanza kabisa kulitaja shamba lake. Mengine yatategemea jirani wa upande wa pili wa safu ya minazi, iwapo yu hai na amekwisha kurudi.