Tangawizi: inakusaidia wapi, na wapi isikucheleweshe

Mama, huenda jikoni kwako tangawizi haikosekani. Mtu akipata kikohozi au kichefuchefu, jibu la kwanza huwa, "Mchemshie tangawizi." Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Mara nyingine linamchelewesha mgonjwa kufika kituo cha afya.

Kichefuchefu cha ujauzito

Hapa tangawizi inasaidia kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, limeitaja miongoni mwa vitu vya kupunguza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo.

Osha kipande kidogo, kama ncha ya kidole gumba. Kiponde, kichemshe kwenye kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10, kisha unywe kidogo kidogo. Kipande hicho kinatosha kwa siku. Ukizidisha unaweza kupata kiungulia. Ukiiweka kwenye chai ya majani, usimezee vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu majani ya chai hupunguza madini chuma yanayoingia mwilini.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize kwanza mhudumu wa afya.

Usisubiri nyumbani ikiwa:

- kila unachokunywa unakitapika;
- unapata mkojo kidogo, wenye rangi nzito;
- unahisi kizunguzungu au unazidi kukonda;
- una homa. Kutapika pamoja na homa kunaweza kuwa malaria, na malaria ni hatari kwako na kwa mtoto aliye tumboni. Nenda ukapime siku hiyo hiyo.

Mtoto anayekohoa

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Usimpe maji ya tangawizi, hata kijiko kimoja. Asali nayo usimpe kabla hajatimiza mwaka 1, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kulegea mwili.

Kwa mtoto mkubwa, kinywaji cha uvuguvugu chenye tangawizi kidogo kinaweza kumtuliza koo. Lakini tangawizi haitibu nimonia. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na umhesabie pumzi kwa dakika 1 nzima. Mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa:

- ana miezi 2 hadi 11 na anapumua mara 50 au zaidi;
- ana mwaka 1 hadi 5 na anapumua mara 40 au zaidi;
- kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa;
- hawezi kunyonya wala kunywa, au amelegea.

Mtoto wa chini ya miezi 2 anayekohoa au kupumua kwa shida, mpeleke bila kuhesabu.

Ukifika, mwambie muuguzi ulichompa mtoto nyumbani, tangawizi ikiwemo. Usiogope kugombezwa. Tunauliza ili tumtibu vizuri.