Munganga wa maini: juu ya nini anatibu na kutafiti kwa wakati mumoja

Katika miji na vijiji vya Kivu, mutu akivimba tumbo na macho yake kugeuka manjano, wengi wanakimbilia jibu moja: "Wamemulisha karuho." Jamaa inaanza kutafuta dawa ya sumu, na siku mugonjwa anafika kwa lopitali, ini limekwisha kuharibika. Wakipima damu, mara nyingi wanakuta virusi vya hepatiti B. Virusi hivyo vinaweza kuwa viliingia mwilini miaka mingi nyuma, pengine siku ile ile mugonjwa alizaliwa.

Mbele ya mugonjwa kama huyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kumutoa maji ndani ya tumbo, kuzuia damu anayotapika, kumupa dawa. Ya pili ni kujiuliza: juu ya nini huyu amezidiwa wakati ndugu yake mwenye virusi vile vile bado analima shamba? Kuna waganga wanaobeba kazi hizo zote mbili. Asubuhi wako kwa vitanda, mangaribi wako labo ao mbele ya daftari za hesabu. Ni waganga wa chuo kikuu, na kwa upande wa maini wengi wao wanafuata njia iliyofunguliwa na mwanamuke mumoja, Sheila Sherlock.

Alizaliwa Dublin mwaka 1918, akasomea uganga Edinburgh, akamaliza 1941. Wakati wa vita akaingia hospitali ya Hammersmith, London, chini ya John McMichael. Siku zile ini la mutu aliye hai lilikuwa kama nyumba iliyofungwa: waganga waliliangalia vizuri kwa maiti tu. McMichael na Sherlock wakawa kati ya wale waliozoea kuingiza sindano ndefu ubavuni na kutoa kipande kidogo sana cha ini, kipimo kinachoitwa biopsi.

Mwaka 1943, pamoja na mwenzao Dible, wakachapisha walichokiona. Walilinganisha maini ya watu wa aina tatu: waliopata manjano ya kuambukizana, waliopata manjano nyuma ya kutiwa damu ao maji ya damu ya mutu mwingine, na wagonjwa wa kaswende waliopata manjano nyuma ya kudungwa dawa ya arseniki. Yote yalifanana. Watu walikuwa wanalaumu arseniki. Kumbe kwa wengi wa wale wa kaswende, ugonjwa ulikuwa unasafiri ndani ya sirenge, sababu sirenge moja ilidunga watu wengi bila kusafishwa inavyofaa. Mutu wa labo peke yake hakuwa na wagonjwa wa kumuonyesha hayo. Munganga wa vitanda peke yake hakuwa na nafasi ya kulinganisha.

Sherlock akaandika kitabu cha magonjwa ya maini mwaka 1955, na mwaka 1959 akawa profesa wa uganga kwa Royal Free, mwanamuke wa kwanza kupata cheo hicho Uingereza. Vijana kutoka inchi nyingi walikuja kujifunza kwake, wakarudi kwao kufungua huduma za maini.

Leo Uingereza njia hiyo imepangwa. Kijana aliyemaliza masomo ya uganga anaweza kupata nafasi ambamo robo ya wakati wake ni ya utafiti na robo tatu ni ya wagonjwa. Kisha anaacha vitanda kwa miaka kama tatu, afanye tezi yake ya doktora. Akirudi, anaweza kupata nafasi ya kugawanya wakati nusu kwa nusu mpaka amalize kujifunza utaalamu wake. Kwa karatasi inaonekana rahisi. Lakini mugonjwa anayetapika damu saa nane za usiku hajui kama kesho ni siku ya utafiti. Feza za utafiti zinaombwa kila mara, na zinaweza kukataliwa. Na wenzake waliochagua kutibu tu wanamutangulia kwa cheo.

Kuna hatari ingine, na hii inamugusa mugonjwa mwenyewe. Mutu anayekutibu ndiye huyo huyo anayetaka damu yako ao kipande cha ini lako kwa uchunguzi wake. Mwaka 1967 munganga Maurice Pappworth alichapisha kitabu kilicholaumu majaribio ya hospitali za Uingereza, Hammersmith ikiwa ndani, kwa sababu wagonjwa hawakuelezwa vizuri walichokuwa wanafanyiwa. Ndiyo maana leo kuna kamati za kupima kila utafiti. Mugonjwa ana haki ya kuelezwa kwa luga anayosikia, na ya kukataa bila kunyimwa dawa.

Kazi hizo mbili zinazaa nini kwa inchi maskini? Mufano uko Gambia. Huko, kuanzia 1986, watoto walichanjwa hepatiti B ndani ya utafiti mukubwa wa kuona kama chanjo itazuia kansa ya ini. Baadaye munganga wa maini Maud Lemoine, wa Imperial College London, na wenzake walikutana na tatizo ambalo kila munganga wa Afrika analijua: biopsi ni ngumu, mashine ya kupima ugumu wa ini ni ya bei kali. Mwaka 2016 wakachapisha hesabu inayotumia vipimo viwili vya damu. Kwa wagonjwa wa Gambia na Senegal ilifanya vizuri. Kwa wale wa Ufaransa haikushinda hesabu za zamani. Utafiti wa mbali hautoshi.

Hesabu ingine ya aina hiyo ni APRI. Tuseme mugonjwa ana ASAT 60, kiasi cha kawaida cha labo ni 40, na plaketi zake ni 120. Gawanya 60 kwa 40, upate 1.5. Gawanya tena kwa 120, zidisha mara 100: unapata 1.25. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa 2024, linasema mutu muzima mwenye hepatiti B akipita 0.5 anastahili dawa. Moja ya dawa zenyewe ni tenofovir, ile ile ya wenye VVU.

Kinshasa, utafiti uliochapishwa 2021 ulipima zaidi ya wanawake 4,000 wenye mimba, ukitumia huduma za materniti zilizowekwa kwa ajili ya VVU. Wenye virusi vingi walipewa tenofovir, na watoto wao chanjo siku ya kuzaliwa, kuliko kungoja ile ya wiki ya sita.

Munganga wa Goma ao Bukavu anayetaka kujua kama 0.5 inafaa kwa watu wa Kivu hahitaji jengo jipya ili aanze. Anahitaji rejista isiyokatika, labo inayopima plaketi kila siku, kibali cha kamati, na mukubwa wa lopitali anayekubali kumutoa kwa vitanda siku moja kwa wiki. Hiyo siku moja ndiyo ngumu kupatikana.