Mwezi wa mwilini hauangalii kalenda

Jumamosi moja ya Julai nilikuwa kwa dada yangu mtaani Umoja, Eastlands, akina mama wakiwa kwenye chama. Chai haijapoa, mama mmoja akanivuta jikoni pamoja na bintiye wa Gredi ya Nane. "Prof, huyu ameruka mwezi. Kama si mimba, ni nini?" Mtoto analia: "Anti, sijafanya kitu, haki ya Mungu." Mama alikuwa na kalenda ya bucha mkononi. Tarehe 24 Mei ilizungushiwa kalamu nyekundu. Juni nzima, kimya. Siku hiyo ilikuwa tarehe 5.

Mimi ni mtu wa lugha, si daktari. Lakini nilishuku kwamba kosa lilianzia kwenye neno. Kwa Kiswahili mwanamke huwa mwezini, huingia mwezini. Mwezi wa angani huandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi, haukosei, nasi tukadhani wa mwilini ni vivyo hivyo. Neno hedhi, tulilolipata kutoka Kiarabu, halitaji mwezi hata kidogo; asili yake ni kutiririka. Mimi naona ni neno la kweli zaidi.

Kinachotawala hedhi ni homoni. Jina hilo lilitolewa mwaka 1905 na Mwingereza Ernest Starling, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya minji, iitwayo pituitari. Hutuma homoni kupitia damu hadi kwenye ovari, na kifuko chenye yai huanza kukua. Kifuko hicho hutoa estrojeni, inayojenga utando wa ndani wa mji wa mimba. Estrojeni ikibaki juu kwa siku mbili hivi, pituitari humwaga homoni nyingine kwa wingi, na yai hutoka. Kifuko kilichoachwa hugeuka manjano na kutoa projesteroni, ya kuutunza utando ule. Mimba isipotunga, kifuko hunyauka baada ya siku 14 hivi, projesteroni hushuka, utando hubomoka. Hiyo ndiyo damu.

Sasa angalia: nusu ya pili ya safari haibadiliki sana. Ni ya kwanza inayorefuka, yai likichelewa kukomaa kwa sababu ya msongo wa mawazo, ugonjwa au njaa. (Ndiyo maana wengi wamehesabu "siku salama" wakaishia kliniki ya wajawazito.) Na kwa msichana aliyevunja ungo juzi tu, ubongo na ovari bado havijazoeana. Mara nyingine yai halitoki kabisa. Bila yai hakuna projesteroni, na damu huja ovyo. Miaka michache ya mwanzo, siku 21 hadi 45 kati ya hedhi moja na nyingine si ajabu. Ikipita miezi mitatu, aonwe na daktari.

Tulihesabu pamoja pale jikoni: siku 42. Na msichana alikuwa ameanza Novemba iliyopita.

Moyo wa mama haukutulia, basi nikamwambia anunue kipimo kwa kemisti pale chini. Mstari mmoja. Akakunja kalenda, akarudi kwa wenzake kuchanga. Kumwomba mtoto msamaha hakumwomba, nami nilisema mbele ya dada yangu kwamba alipaswa.