Ndagala haziishii pale pirogi inatua: kazi ya wamama nayo ihesabiwe



Ku Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, kazi ya samaki ina nusu mbili. Usiku wanaume wanavua na taa. Asubuhi pirogi zikifika, wamama wako tayari na mabasini. Wanasikilizana bei, wanabeba, wanaanika, wanageuza, wanalinda ndagala juu ya kuku na mvua, kisha wanapeleka soko. Wamama wengine wanatanguliza hata franga za mafuta ya motere, ili pirogi ikirudi wapewe samaki wa kwanza.

Watafiti wa uvuvi, kawaida yao ni kuhesabu pale pirogi inatua: pirogi ngapi zimetoka, kilo ngapi zimeingia, samaki wa aina gani, wa urefu gani. Hesabu hiyo ni ya lazima. Bila hiyo hatuwezi kujua kama ziwa linachoka. Lakini nusu ya pili ya kazi inabaki inje ya kaye. Kilo zilizooza, deni la mama, siku alizokaa bila samaki, mara nyingi hakuna mwenye anaziandika.

Na si watu kidogo. Katika mwaka 2023, FAO, chuo kikuu cha Duke na WorldFish walitoa uchunguzi mkubwa juu ya uvuvi mdogo wa dunia nzima. Walikuta kwamba kwa watu 10 wanaofanya kazi hiyo, karibu 4 ni wanawake.

Mfano: miezi mitatu ya kufunga ziwa

Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mkataba wa kulilinda pamoja ulitiwa sahihi mwaka 2003. Kisha nchi hizo zilikubaliana ziwa lipumzike miezi mitatu kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukomaa. Pumziko ni jambo la maana. Ukivua watoto wa samaki leo, kesho utavua maji.

Lakini tuangalie kalenda na macho ya mama anayeanika. Mei mpaka Agosti ni kiangazi. Jua linawaka, mvua hakuna, ndagala zinakauka vizuri. Ziwa likifunguliwa, hazipiti wiki nyingi mvua inaanza, na ndagala zinaanza kuoza juu ya mchanga. Basi mvuvi anapoteza miezi mitatu. Mama naye anapoteza miezi mitatu ya jua, anabaki na miezi ya mvua. Hasara zao hazifanane, na hesabu ya pirogi peke yake haiwezi kuonyesha tofauti hiyo.

Tena, kama msaada unakuja wakati wa kufunga, na liste inafanywa kwa kuhesabu pirogi, nyavu na motere, mama mwenye basini mbili hatakuwa ndani. Si kwa sababu kuna mtu anamchukia. Ni kwa sababu hakuna karatasi inayoonyesha kwamba yeye pia anaishi na ziwa.

Kaye moja, mambo matano

Koperative inaweza kuanza bila kungojea projé. Chagueni wamama watano ao sita wanaoanika. Kila siku ya kazi waandike:

1. Basini ngapi zimenunuliwa, na bei gani.
2. Siku ngapi za kuanika, na kama mvua ilinyesha.
3. Kilo ngapi kavu zimetoka.
4. Ngapi zimeoza ao zimeuzwa bei ya kutupa.
5. Deni: nani anamdai nani.

Siku ambayo samaki hakuna, iandikwe pia, pamoja na sababu: upepo, mbalamwezi, ao ziwa limefungwa. Mama asiyejua kuandika apige mistari, mtoto wa masomo atamsaidia jioni.

Tuseme mama amenunua kilo 40 mbichi. Zikikauka vizuri zinatoa karibu kilo 10. Akipata kilo 6 tu, kilo 4 kavu zimepotea, maana yake kilo 16 mbichi zilivuliwa bure. Hapo tunaona kwamba kupunguza kuoza ni kulinda ziwa pia. Dawa moja inajulikana: meza ya wavu, inayofika kiunoni, ili hewa ipite juu na chini, na mchanga usiingie. Ku Burundi, kandokando ya ziwa hilihili, FAO ilifundisha namna hiyo. Mvua ikija, unafunika na plastiki haraka.

Kwa wababa na kwa watafiti

Wababa, mkutano ukiitwa saa tatu ya asubuhi, wamama wako wanaanika ao wako soko. Wekeni saa ambayo wao pia wanaweza kufika, na wasome kaye yao wenyewe mbele ya wote.

Watafiti wakifika, kwa mfano wale wa kituo cha CRH ku Uvira, koperative iwaombe mambo mawili. La kwanza: pamoja na mwenye pirogi, waulize pia mwenye basini, na katika wale wanaohesabu awemo mama ao binti wa fasi hiyo aliyesoma. La pili: majibu ya uchunguzi yarudi kwetu, katika lugha tunayoisikia. Mtu aliyetoa saa zake na siri ya biashara yake ana haki ya kujua ilitumika namna gani.

Kaye mbili na biki hazifilisi sanduku la koperative. Anzeni mbele ya kufunga kunakokuja, ili siku ile liste itafanywa, wamama wawe na kitu cha kuweka juu ya meza.