Sambusa, beni na chetezo: siku tatu Minneapolis na Saint Paul

Kwa sisi wauguzi wa zamu za usiku, siku tatu mfululizo za mapumziko ni mali. Wengi wetu hulala siku ya kwanza, hufua siku ya pili, na ya tatu ni ya kujiandaa kurudi kazini. Julai 2024 mimi na mume wangu tuliamua kwamba zetu tutazitumia safarini. Tunaishi Des Moines, jimbo la Iowa. Kutoka hapa hadi Minneapolis ni barabara moja tu, I-35, karibu kilomita 390, mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Tulikuwa na binti yetu wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 7.

Safari hii ilikuwa na sababu, na wazazi wengi mnaosoma hapa mtaielewa. Tangu binti yetu alipoingia darasa la tatu, ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza. Chakula nilichomfungia cha shuleni kikawa kinarudi kama kilivyokwenda, kwa sababu wenzake walikuwa wakikunja pua. Bibi yake yuko Tanga na hupiga simu kila Jumapili. Mazungumzo yao yalikuwa yamebaki salamu na kimya. Sikutaka kumhubiria, maana hakuna mtoto aliyehubiriwa akaipenda chapati. Nilitaka aone mambo ya nyumbani kwetu yakiwa nje ya nyumba yetu: sokoni, jukwaani, makumbusho. Miji hii miwili, iliyotenganishwa na Mto Mississippi, ndiyo iliyokuwa karibu nasi.

Alhamisi: makumbusho bila kiingilio

Ukiweza, fika siku ya Alhamisi. Minneapolis Institute of Art, ambayo wenyeji huiita Mia, haitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu siku yoyote, na Alhamisi huwa wazi hadi usiku. Walker Art Center hutoza watu wazima, lakini Alhamisi jioni watu wote huingia bure, na walio chini ya miaka 18 hawalipi siku zote. Kwa familia ya watu wanne, hiyo si akiba ndogo.

Mia ilifunguliwa mwaka 1915, na ni kubwa kiasi kwamba huwezi kuimaliza kwa siku moja, kwa hiyo usijaribu. Chagueni vyumba vichache mkae navyo. Mume wangu alichagua mizeituni ya Van Gogh ya mwaka 1889. Mimi niliwapeleka watoto sehemu ya Afrika, kuona kichwa cha udongo wa kufinyanga kutoka Ife, Nigeria, cha kati ya karne ya 12 na ya 14. Tulikuwa tumetoka kupita mbele ya mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1666. Nikamwambia binti yetu kwamba aliyekifinyanga kichwa hiki aliishi zaidi ya miaka 200 kabla ya Rembrandt kuzaliwa. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake, kama humo ndani kuna kitu cha kwa bibi. Nikamwambia tutakwenda kutafuta Jumamosi.

Kabla jua halijazama tulivuka hadi bustani ya sanamu, Minneapolis Sculpture Garden, iliyo mkabala na Walker. Ilifunguliwa mwaka 1988, na haina kiingilio. Hapo ndipo penye kijiko maarufu cha Claes Oldenburg na mkewe Coosje van Bruggen: kina urefu wa karibu mita 16, na juu yake kuna cheri nyekundu yenye uzito wa zaidi ya kilo 500. Mdogo alikizunguka mara tatu akitafuta bakuli.

Ijumaa: Kiswahili cha Karmel

Minnesota ndiyo jimbo lenye Wasomali wengi kuliko yote Marekani. Walianza kuja miaka ya 1990, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, na wengi wao walipitia Kenya: mtaa wa Eastleigh pale Nairobi, au kambi za Dadaab. Ndiyo maana Kiswahili kinasikika Minneapolis hata pasipo Mtanzania wala Mswahili wa pwani.

Tulifika Karmel Mall asubuhi, maana Ijumaa mchana wenye maduka wengi huenda kuswali. Ni soko la ndani la vijiduka vilivyobanana: mabaibui, dhahabu, udi, manukato, simu, vyakula, na msikiti humohumo. Mama mmoja wa makamo alikuwa anauza sambusa. Nilimsalimu kwa Kiingereza. Aliponisikia nikimwita mdogo asiguse kioo, akageuza lugha palepale.

"Kumbe nyinyi ni wa Kiswahili! Mnatoka wapi?"

"Tanga, mama."

"Mimi nimekaa Eastleigh miaka kumi na mbili." Akamtazama binti yetu. "Na huyu mbona kimya? Kwani hajui Kiswahili?"

Binti yetu akatazama sakafu. Nilitaka kumjibia, mume wangu akanigusa mkono ninyamaze.

"Mimi Kiswahili nilijifunza sokoni nikiwa mtu mzima," mama akaendelea, huku anafunga sambusa. "Nilichekwa sana. Wewe mwanangu umekipata bure, kwa mama yako."

"Najua," binti yetu akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. Kisha, "Shikamoo."

"Marahaba! Haya, unataka ngapi?"

"Nne. Na ya pilipili moja."

Yule mama akaongeza ya tano bila kuitoza. Sambusa zao zina nyama na bizari, kama zetu, na pembeni hukaa pilipili mbichi ya kusaga inayoitwa basbaas. Mchana tulikula wali na nyama ya mbuzi, na katika kila sahani ndizi mbivu nzima. Usiiweke kando kusubiri mwisho kama tunda. Wenyewe huila pamoja na wali, na utamu wake huendana na ukali wa pilipili. Binti yetu alimaliza sahani yake. Sikusema neno.

Alasiri tulikwenda Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa marefu ya Riverside Plaza yenye vipande vya rangi rangi, yaliyomalizika mwaka 1973. Familia nyingi za Afrika Mashariki zimeanzia maisha hapo. Hatua chache kutoka hapo ni Cedar Cultural Center, ukumbi wa muziki uliofunguliwa mwaka 1989 katika jengo lililokuwa sinema. Ukumbi huo ulishirikiana na Chuo Kikuu cha Augsburg katika mpango uitwao Midnimo, yaani umoja kwa Kisomali. Uliwaleta wanamuziki wa Kisomali kukaa mjini, kupiga muziki na kukutana na wanafunzi. Miongoni mwao walikuwemo Waayaha Cusub, kundi lililozaliwa Eastleigh. Vijana waliokulia Minneapolis, ambao wengine hawajawahi kuiona Somalia, waliisikia lugha ya mama zao ikitoka kwenye spika kubwa, ikishangiliwa. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kwa ajili ya mtoto wangu.

Wapenzi wa Prince wasikose kupita First Avenue, katikati ya mji. Ni klabu iliyofunguliwa mwaka 1970 katika kituo cha zamani cha mabasi ya Greyhound, na hapo ndipo zilipopigwa picha za filamu ya Purple Rain. Ukuta wa nje umejaa nyota zenye majina ya wanamuziki. Ya Prince ni ya dhahabu. Kuzitazama ni bure.

Jioni tulitandika kanga kwenye majani kando ya ziwa Harriet, ambako wakati wa kiangazi hupigwa muziki wa bure hadharani. Ilikuwa bendi ya wakazi wa kawaida: mabaragumu, filimbi, ngoma kubwa, na wazee waliovaa mashati ya rangi moja. Nikawasimulia watoto habari za beni, ngoma ya pwani yetu: jinsi babu zetu wa Lamu, Mombasa na Tanga walivyoichukua bendi ya Wazungu, wakalitohoa jina lake kwa Kiswahili, wakavaa sare na kushindana mtaa kwa mtaa. Mdogo akaanza kupiga gwaride pembeni ya kanga. Watu wakampigia makofi.

Jumamosi: nguo inayosimulia, na jiwe jeupe

Asubuhi tulivuka kwenda Saint Paul, kwenye Hmong Village. Wahmong ni wakimbizi kutoka Laos, waliosambaa baada ya vita kwisha mwaka 1975, na Saint Paul ni moja ya miji yao mikubwa Marekani. Humo utakuta mchaichai mafungu kwa mafungu, saladi ya papai bichi inayotwangwa kwenye kinu mbele yako, na wali wa kunata. Waulizieni pia nguo za kutarizi zinazosimulia habari. Zilianza kutengenezwa kwenye kambi za Thailand: kijiji, askari, watu wanavuka mto Mekong. Kanga zetu husema kwa maandishi, zao husema kwa sindano.

Tulimalizia Somali Museum of Minnesota, upande wa Minneapolis. Ilianzishwa mwaka 2013 na Osman Ali, aliyekwenda Somalia kukusanya vitu vya matumizi ya kila siku baada ya kuona vijana wa hapa hawavijui. Kuna kibanda cha wafugaji cha kamba na mikeka, vyombo vya maziwa ya ngamia, kengele za mbao. Binti yetu alisimama mbele ya chombo kidogo cha jiwe jeupe.

"Mama, hiki si ndicho bibi anachowekea udi?"

"Ndicho. Kinaitwaje?"

Akafikiri. "Chetezo."

Cha bibi yake ni cha udongo, na hiki ni cha Wasomali, lakini kazi ni moja. Nadhani kilichomgusa ni kile kioo, na taa iliyoangazia kitu ambacho kwetu hukaa chini ya kitanda. Jumapili iliyofuata alimweleza bibi habari zake kwa dakika sita. Kiswahili kilikuwa kimevunjika hapa na pale, na bibi alimsahihisha kila alipoteleza. Sasa Kiingereza bado kinatangulia nyumbani, sitawadanganya. Lakini chakula cha shuleni kinaliwa.

Kama mnakwenda

Mahali pengi ni bure, kwa hiyo wekeni pesa zenu kwenye chakula. Anayekuja kwa ndege anaweza kupanda treni ya Blue Line kutoka uwanjani hadi katikati ya Minneapolis, ikipitia Cedar-Riverside, kisha Green Line hadi Saint Paul. Wanafunzi, kituo cha East Bank cha Green Line kiko karibu na Weisman, makumbusho ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Minnesota, kwenye jengo la chuma la Frank Gehry. Nayo haina kiingilio. Mia hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Wasomali ni madogo, hivyo pigeni simu kwanza kujua saa zao. Maonyesho mengi ya Cedar huruhusu umri wote. First Avenue mengi huwataka waliofika miaka 18.

Na mkifika Karmel, waacheni watoto waagize wenyewe.