Chakula cha Nyumbani Hakitaki Haraka

Mkulima wa skimu ni mtu wa kazi. Alfajiri akamua, asubuhi apeleka maziwa barabarani kungoja lori, mchana apalilia, jioni akamua tena. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na familia kama 35,000 zikapata makao katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Tangu siku hizo mashamba ya skimu yametazamwa kama mahali pa kutafuta fedha: kulipa mkopo, kulipa karo, kununua mbegu. Hayo ni mambo mema. Lakini yafaa tujiulize: je, jamaa ya mkulima hula nini jioni, na hula namna gani?

Katika nyumba nyingi jibu si zuri. Maziwa yote yamekwenda kwa chama cha ushirika, na watoto wanywa chai ya rangi. Maharagwe yote yaliuzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Sasa mama ayanunua sokoni kwa gorogoro, bei ikiwa juu. Baba amekula mandazi hotelini. Watoto wamekula mkate wa dukani, kila mmoja kwa wakati wake, wengine wamesimama mlangoni. Nyumba ina shamba, lakini haina chakula chake.

Kazi ya chungu

Watu husema, "Sina nafasi ya kupika vyakula vya kale." Fikirini vema. Vyakula hivyo havitaki kazi nyingi. Vyataka kungojwa tu.

Tazama githeri. Loweka maharagwe usiku kucha, na asubuhi umwage maji yale. Yataiva upesi, na kuni zitapungua. Kwa makopo mawili ya mahindi weka kopo moja la maharagwe. Tanguliza mahindi, kwa maana ndiyo magumu, kisha tia maharagwe, yachemke sana, ndipo upunguze moto uendelee na kazi karibu na nyumba. Hakikisha yameiva kabisa, kwa kuwa maharagwe mekundu yasiyoiva huleta kutapika. Mahindi peke yake hayatoshi kujenga mwili wa mtoto. Maharagwe huongeza kile ambacho mahindi yamekosa, na mahindi vilevile hufaa maharagwe. Ndugu zetu wa Ukamba hutwanga mahindi kwanza ili kuondoa maganda. Hayo ndiyo muthokoi, nayo huiva mapema kuliko mahindi mazima.

Maziwa ya kibuyu na uji wa wimbi

Wakalenjin wana mursik. Huosha kibuyu na kukikausha, kisha huchoma kijiti cha mti uitwao senetwet na kusugua kaa lake ndani ya kibuyu. Hutia maziwa yaliyochemshwa na kupoa, hufunika, na kuyaacha siku kadhaa. Usiache kuchemsha, kwa maana maziwa mabichi yaweza kuleta magonjwa ya ng'ombe kwa watu.

Unga wa wimbi nao ukorogwe na maji, uwekwe karibu na meko siku moja au mbili mpaka uchachuke, ndipo upikwe uji. Wimbi una chokaa ya kujenga mifupa zaidi ya mara 10 kuliko mahindi. Kuchachua husaidia mwili kupata faida ya chakula hicho. Hapa pia kazi yako ni ndogo: wewe walala, uji wajitengeneza.

Tenga fungu la nyumbani

Kabla ya kuuza, tenga fungu la jamaa. Katika kila chupa 10 za maziwa, bakiza mbili. Katika kila mavuno, hesabu magunia yatakayowafikisha mavuno mengine, na yaliyozidi ndiyo ya kuuza. Mahindi ya chakula yaanikwe yakauke sana, yawekwe juu ya mbao, si juu ya udongo. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mahindi yenye ukungu yasiliwe kabisa.

Keti ule

Chakula kikiiva, jamaa wote waketi pamoja, baba naye awepo. Wasile kama watu wanaongoja basi. Katika nusu saa hiyo mtoto atasema mwalimu ameagiza nini. Mama atasema ng'ombe yupi amepunguza maziwa. Baba atasema fedha za mwezi huu ni ngapi, na zitafanya nini. Nyumba isiyozungumza mambo hayo wakati wa kula huyazungumza wakati wa ugomvi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mwezi huu chukua daftari la shilingi chache. Kila siku andika chakula ulichonunua ambacho shamba lako lingeweza kutoa: maharagwe, mboga, mayai, maziwa. Mwisho wa mwezi jumlisha, uweke hesabu hiyo kando ya malipo ya maziwa yako. Kisha wewe na mwenzako mkae mamue ni fungu gani litabaki nyumbani msimu ujao.