Kuyachelewesha Maji: Hifadhi ya Maji Wakati wa Ukame, Kutoka Ufipa hadi Wampembe

Wampembe iko kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa, chini ya ukingo wa magharibi wa nyanda za juu za Ufipa. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga, ulio juu ya nyanda hizo, uko karibu mita 1,800. Mvua huja kwa msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi. Kwa kuwa nyanda za juu hupata takriban milimita 800 hadi 1,200 kwa mwaka, ukame wa huku mara nyingi ni wa mvua kuchelewa, kukatika mapema, au kunyesha kwa nguvu na maji yake kuteremka ziwani siku hiyo hiyo. Kuhifadhi maji mahali kama hapa ni kuyachelewesha njiani.

Ghala la kwanza ni ardhi yenyewe. Miamba ya Ufipa ni ya kale na migumu. Maji hukaa kwenye nyufa zake na katika tabaka la juu lililooza na kuwa udongo. Msitu na nyasi huvunja kasi ya matone, na mizizi huacha vinjia vya kupenyeza maji chini, ambako husafiri polepole hadi kutokeza kama chemchemi miezi kadhaa baadaye. Ndiyo maana msitu wa milima ya Mbizi, juu ya Sumbawanga, una thamani kubwa kwa vijito vya eneo hilo. Mlima ukifyekwa na kuchomwa moto kila mwaka, udongo hushikamana juu, maji huteleza, na chemchemi hukauka mapema.

Wakulima wa Kifipa wana ufundi wao wa siku nyingi. Mvua zikiwa bado hazijaisha na udongo ungali laini, nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, kisha mabonge hupinduliwa na kurundikwa kuwa vilima vya mviringo, viitwavyo intumba. Nyasi huoza ndani na kuwa mbolea, na udongo wenye mboji hushika unyevu kwa muda mrefu. Vilima huweza kupandwa maharage, na msimu unaofuata hubomolewa, udongo ukatandazwa na kusiwa ulezi. Kwenye miteremko mikali, makinga maji yanayofuata kontua hufanya kazi kama hiyo.

Chemchemi nayo huhitaji ulinzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kipimo hicho kinafaa kuheshimiwa kwenye chemchemi pia: mikaratusi isipandwe karibu nayo kwa sababu hunyonya maji mengi, na mifugo inywe kwenye birika lililojengwa upande wa chini.

Kijiji kinaweza kupima chemchemi yake kwa ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa kiwango cha Sera ya Maji ya mwaka 2002, lita 25 kwa mtu kwa siku, hayo yanatosha watu 1,728. Lakini pasipo tangi, maji ya saa 12 za usiku, lita 21,600, hupotea bondeni. Kipimo hicho kikirudiwa kila mwezi na kuandikwa daftarini, kamati ya maji ya kijiji huona upungufu unavyokuja na kupanga mgao kabla ya foleni na ugomvi.

Paa la bati ni chanzo kingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya milimita 800, hupokea lita 40,000. Simtanki la lita 5,000 peke yake huweza kuwapa watu watano maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kila mmoja, kwa siku 200. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe paa, na tangi lifunikwe mbu wasizaliane.

Wampembe ziwa liko mlangoni, lakini wingi wa maji si usalama wake. Vyanzo vya juu vikikauka, watu wengi zaidi huchota ufukweni, na kipindupindu hupata njia. Maji hayo yachemshwe, yatiwe dawa, au, yakiwa maangavu, yaanikwe juani kwa saa sita katika chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga.

Vijijini, miradi ya maji husimamiwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Vyombo hivyo vikague mabomba, vizibe mivujo, na mwezi Aprili, maji yakiwa bado mengi, vikubaliane na wananchi kuhusu mgao: kunywa na kupika kwanza, mifugo baadaye, bustani mwisho. Vikingoja hadi Agosti, huwa tayari vimechelewa.